Maswali ya Wasomaji: Bunduki Nyepesi ya Milimani kwa Mwenye Kipato cha Kawaida

Swali: Ndugu mhariri, kwa muda mrefu nimewinda kwenye nchi tambarare kwa bunduki ya kaliba (yaani kipimo cha risasi) ya .30-06 ambayo, ikiwa na darubini yake, inakaribia kilo tano. Sasa nimepata kibali cha kuwinda mbuzi mwitu milimani, mahali ambapo kutwa nzima ni kupanda na kushuka, na wenzangu wananiambia kwamba bunduki hiyo itanimaliza nguvu kabla sijamwona mnyama. Nimetazama bunduki zenye kitako cha nyuzi za kaboni na mwili wa titani, nikakuta bei zake ziko mbali sana na uwezo wangu. Je, kuna bunduki nyepesi ya bei nafuu inayoweza kutegemewa, au niweke akiba kwa miaka michache zaidi? Na nichague kaliba gani?

Jibu: Huna sababu ya kusubiri, ndugu msomaji. Bunduki za bolti (komeo la chuma linalovutwa kwa mkono kuingiza risasi) za daraja la bei nafuu zinazotengenezwa siku hizi huwa na uzito wa kati ya kilo 2.7 na 3.1 zikiwa tupu, na nyingi zina shabaha nzuri ambayo zamani mtu aliitafuta kwa fundi wa kuunda bunduki moja moja. Fedha nyingi unazoombwa kwa ajili ya kaboni na titani zinanunua nusu kilo ya mwisho, au zaidi yake kidogo. Nusu kilo hiyo ni kitu kwa mtu anayekwea, sikatai, lakini kwa maoni yangu mwindaji mwenye kipato cha kawaida anaweza kuipata karibu yote kwa njia nyingine, na akabakiwa na fedha za kununulia risasi za mazoezi.

Anza kwa kuusahau uzito unaoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji, kwa kuwa huo ni uzito wa bunduki isiyo na kitu. Mlimani unabeba bunduki pamoja na darubini, pete zinazoishikilia, mkanda wa begani na risasi zilizomo ndani. Darubini ya ukuzaji wa mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40 huwa na gramu 350 hadi 450. Pete nyepesi za alumini ni kama gramu 100. Mkanda ni gramu 100 nyingine. Na risasi nne za ukubwa wa .308 zinakaribia gramu 100. Kwa hesabu hiyo bunduki ya kilo 2.9 inakuwa kama kilo 3.6 ikiwa tayari kwa kazi. Chukua sasa bunduki hiyo hiyo, uifunge darubini yenye lenzi ya milimita 56, bomba nene na pete za chuma, na utajikuta umepita kilo 4, kisha utailaumu bunduki kwa kosa ambalo si lake. Ushauri wangu ni kulenga kilo 3.2 hadi 3.7 kwa kila kitu kwa pamoja, na kupima kwa mizani mwenyewe kabla ya kulipia kipande chochote.

Pengine utashangaa kwamba sikuhimizi kushuka chini ya hapo hata kama fedha zingekuwepo. Sababu ya kwanza ni teke la bunduki. Kwa risasi ile ile, nishati inayorudi begani huongezeka kwa kadiri uzito unavyopungua, hivyo ukitoka kwenye bunduki ya kilo 3.5 ukaenda kwenye ya kilo 2.5, teke linaongezeka kwa asilimia 40. Mtu anayeliogopa teke hufumba macho na kukivuta kifyatulio kwa pupa, na hakuna darubini inayoweza kulirekebisha jambo hilo. Sababu ya pili ni utulivu. Unapofika kwenye ukingo wa mwamba huku unahema na moyo unadunda, bunduki nyepesi mno inacheza na kila pigo la moyo, wakati mtutu wenye uzito kiasi unatulia mapema. Ndiyo maana wawindaji wengi wa milimani husema kwamba bunduki iwe nyepesi nyuma, na uzito unaobaki uwe mbele, kwenye mtutu.

Kuhusu majina, Tikka T3x Lite ya Finland, yenye uzito unaokaribia kilo 3, ndiyo ningeitaja kwanza kwa mtu anayeweza kuongeza kidogo juu ya bei ya chini kabisa, kwa sababu bolti yake inateleza vizuri, kifyatulio chake kinarekebishika, na shabaha yake haitegemei bahati. Chini yake kwa bei kuna Ruger American ya Marekani, ambayo ina uzito wa kama kilo 2.8, na ambayo hadi leo ni miongoni mwa njia za gharama ndogo zaidi za kufika mlimani ukiwa na bunduki mpya. Savage Axis nayo imo kwenye daraja hilo. Ukiichagua, tafuta toleo lenye kifyatulio kinachorekebishika, kwani bunduki nyepesi yenye kifyatulio kizito humsumbua mpigaji kupita kiasi. Kifyatulio kinachoachia kwa kilo 1 hadi 1.5 kinatosha, kikiwa chepesi zaidi ya hapo, vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi vinaweza kukivuta kabla hujakusudia.

Udhaifu mkubwa wa bunduki hizi za bei nafuu uko kwenye kitako cha plastiki. Si kwamba plastiki ni mbaya. Mvua haiifanyi ivimbe kama inavyofanya kwa mbao, na hilo ni jambo kubwa milimani. Tatizo ni kwamba sehemu ya mbele ya kitako cha bei ya chini hupinda kwa urahisi, na ikipinda hadi kuugusa mtutu, risasi zinahama mahali pake. Dukani, chukua kipande cha karatasi ukipitishe kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele hadi karibu na mwili wa bunduki. Kisha iegemeze sehemu ya mbele juu ya begi kama utakavyofanya ukiwa mlimani, ikandamize kwa uzito wako wa kawaida, na ujaribu tena. Karatasi ikikwama, ama uchague bunduki nyingine, ama uhakikishe kwamba fundi anaweza kukichonga kitako kwa ndani ili mtutu uwe huru. Kazi hiyo ya fundi ni ndogo na haina gharama ya kutisha.

Mtutu mwembamba una tabia yake pia. Hupata joto upesi, na baadhi ya mitutu inapopata joto hutawanya risasi kuanzia ya tatu au ya nne. Wapo wanaoirudisha bunduki dukani kwa sababu hiyo, nami naona wanaionea, kwa kuwa mwindaji wa milimani anahitaji zaidi risasi ya kwanza itokayo kwenye mtutu baridi, na pengine ya pili. Kwa hiyo unapoijaribu kwenye uwanja wa shabaha, piga risasi moja au mbili, uache mtutu upoe kabisa, upige tena, na ukirudi siku nyingine uendelee kwenye karatasi ile ile. Matundu hayo ya mtutu baridi yakikaa ndani ya sentimita 4 kwa umbali wa mita 100, unayo bunduki ya kutosha kwa kazi hii. Urefu wa mtutu wa sentimita 51 hadi 56 unafaa. Kila unapoukata kwa sentimita 2.5 unapoteza kama mita 6 hadi 9 za mwendo wa risasi kwa sekunde, hasara ambayo mnyama aliye umbali wa mita 200 hawezi kuitambua.

Sasa kaliba, ambayo wasomaji hubishania kuliko kitu kingine chochote. Mbuzi mwitu wa milima ya Alps aitwaye chamois, kwa mfano, huwa na kilo 25 hadi 50 hivi, na hata kondoo mwitu wa Amerika Kaskazini, ambao madume yao hupita kilo 100, hawahitaji risasi kubwa. Wanahitaji risasi iliyowekwa mahali pake. Kampuni ya Winchester ilitoa .308 mwaka 1952, na kutokana na ganda lake zikazaliwa .243 mwaka 1955 na 7mm-08 ya Remington mwaka 1980. Mwaka 2007 Hornady wakaleta 6.5 Creedmoor, ambayo ina kichwa kirefu chembamba kinachokata upepo vizuri na teke dogo kuliko .308. Kwa bunduki ya kilo 3.6 ikiwa tayari, ningechagua 7mm-08 au 6.5 Creedmoor. Ikiwa kaliba hizo mbili ni adimu kwenye maduka unayoyafikia, chagua .308 bila majuto, kwa sababu risasi inayopatikana kila mahali na kwa bei nyepesi ndiyo utakayofanyia mazoezi. Kaliba ya .243 inatosha kwa wanyama wadogo na mikono yenye nidhamu, ingawa upepo wa milimani huisukuma zaidi.

Nakusihi uikwepe .300 Winchester Magnum katika bunduki ya uzito huu. Teke lake, katika bunduki za uzito mmoja, linakaribia mara mbili ya lile la 7mm-08, na faida yake inaonekana kwenye masafa ambayo mtu anayeanza kuwinda milimani hapaswi kuyapigia. Kuna pia suala la uzito: risasi fupi za familia ya .308 huruhusu mwili mfupi wa bunduki (sehemu ya chuma ambamo bolti hupita), hivyo gramu kadhaa huokolewa. Lakini faida hii haipo kwa kila mtengenezaji. Tikka wanatumia mwili wa urefu mmoja kwa risasi fupi na ndefu, na kwao hata .270, kaliba ya mwaka 1925 iliyopendwa sana na wawindaji wa kondoo mwitu, haikuongezei mzigo wowote wa maana.

Wazo hili la bunduki nyepesi yenye risasi ya kiasi si geni. Mannlicher-Schönauer ya Austria ya mwaka 1903, iliyokuwa fupi na kutumia risasi ya milimita 6.5, ilipendwa na wawindaji wa milima ya Ulaya, na mwaka 1952 Winchester waliitoa Model 70 katika umbo la Featherweight kwa ajili ya watu hao hao wanaohesabu gramu.

Kabla hujalipa, hakikisha leseni yako inairuhusu kaliba uliyoichagua na kwamba sheria za eneo unalokwenda zinaikubali kwa mnyama unayemkusudia, kwa kuwa sehemu nyingine huweka kiwango cha chini cha kaliba au cha nguvu ya risasi, na nyingine zinakataza vichwa vyenye madini ya risasi. Tangu Julai 2019, kwa mfano, jimbo la California nchini Marekani linataka risasi zisizo na madini ya risasi kwa uwindaji wote. Vichwa vya shaba vina urefu zaidi kwa uzito ule ule, hivyo hutaka mtutu ambao mifereji yake ya ndani inakizungusha kichwa kwa kasi zaidi. Muulize muuzaji kipimo hicho mapema, na ujaribu vichwa hivyo kwenye bunduki yako hasa.

Swali: Nina bunduki ya kilo 2.6 ya kaliba ya .308 na teke lake linanitisha. Muuzaji ananishauri niweke kipunguza teke kwenye mdomo wa mtutu. Je, nikubali?

Jibu: Kipunguza teke kinafanya kazi kweli, lakini kinafanya hivyo kwa kuzirudisha gesi za baruti pembeni na nyuma, na kelele inayomfikia mpigaji na mwenzake inakuwa kali zaidi. Mlio wa bunduki peke yake unapita desibeli 140, kiwango ambacho pigo moja tu linaweza kuliharibu sikio, na masikio yaliyoharibika hivyo hayaponi. Mlimani watu hupiga haraka na mara nyingi husahau kuvaa kinga. Ikiwa sheria ya nchi yako inaruhusu kizuia sauti, kama ilivyo Finland na New Zealand, hicho ni bora kwa kuwa kinapunguza teke na kelele kwa pamoja, ingawa kinaongeza gramu mia mbili au tatu na urefu. Usipoweza kukipata, badilisha kwanza mpira wa nyuma ya kitako, hakikisha kitako kina urefu unaokaa begani mwako sawasawa, na utumie risasi zenye kichwa chepesi zaidi. Mazoezi yako mengi yafanye kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo itakurudishia utulivu wa kidole. Kipunguza teke ningekiacha kiwe hatua ya mwisho, na hapo kinga ya masikio isivuliwe hata mara moja.

Swali: Nimepiga mara mbili kuelekea bondeni na risasi zote zikapita juu ya mgongo wa mnyama. Darubini yangu imesawazishwa vizuri kwenye uwanja. Kosa liko wapi?

Jibu: Inaelekea ulilenga kwa umbali ulioupima kwa macho au kwa chombo moja kwa moja hadi kwa mnyama. Mvutano wa dunia unaishusha risasi kulingana na umbali wa mlalo, si urefu wa mteremko. Mnyama aliye mita 300 kwa mteremko wa nyuzi 30 anapaswa kulengwa kama aliye mita 260. Kwa nyuzi 45 anakuwa kama aliye mita 212. Kanuni hiyo ni ile ile unapopiga kuelekea juu, jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walione. Vipima umbali vingi vya siku hizi hukufanyia hesabu hiyo, na kwa mwindaji wa milimani hicho ni kifaa chenye thamani kuliko lenzi kubwa ya darubini.

Jambo la pili ni hewa. Kwenye mwinuko wa mita 3,000 hewa ni nyepesi kwa takriban robo ikilinganishwa na usawa wa bahari, hivyo risasi hupungua mwendo polepole zaidi na hufika juu kidogo ya pale ulipozoea. Kwenye mita 150 hutaona tofauti. Kwenye mita 300 na kuendelea inaanza kujionyesha, na ikiungana na kosa la mteremko inatosha kuipitisha risasi juu ya mgongo kama ilivyotokea kwako. Piga risasi chache za kuhakikisha ukiwa tayari umefika kwenye mwinuko wa uwindaji, ikiwa sheria ya mahali hapo inaruhusu. Hatua hiyo itakuonyesha pia kama darubini ilihama wakati wa safari, kitu kinachotokea zaidi ya watu wanavyokiri.

Swali: Je, ni busara kununua bunduki nyepesi iliyokwisha kutumika?

Jibu: Ni busara, ikiwa fundi ataikagua na umiliki utahamishwa kisheria. Bunduki ya kuwinda milimani mara nyingi imebebwa sana na kupigwa kidogo. Mikwaruzo kwenye kitako isikutishe. Tazama ndani ya mtutu kwa mwanga kama kuna kutu au mashimo, tazama mdomo wa mtutu kama umegongwa, kwa kuwa alama ndogo hapo inaharibu shabaha, na mwambie fundi apime nafasi kati ya bolti na ganda la risasi. Kagua pia skrubu zinazoshikilia darubini. Chuma cha kawaida kilichotiwa rangi nyeusi kinahitaji mafuta kila baada ya mvua. Kile kisichoshika kutu upesi kina bei zaidi na kinanyamazisha wasiwasi, lakini nacho hushika kutu kikiachwa na unyevu ndani ya mfuko uliofungwa.

Swali: Tunapokwea mahali panapohitaji mikono miwili, mwenzangu hubeba bunduki ikiwa na risasi ndani ya chemba (chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa) kwa sababu eti kizuizi cha usalama kimefungwa. Nimkataze?

Jibu: Mkataze, na kama hasikii usiendelee kupanda naye. Kizuizi cha usalama ni kifaa cha chuma ambacho kinaweza kugongwa na mwamba, kusukumwa na kamba ya begi au kukwama kwa barafu. Chemba iwe tupu muda wote wa kukwea, risasi zibaki kwenye magazini, na bunduki ifungwe wima kwenye begi mdomo ukielekea mahali pasipo na mtu, hata wa nyuma yenu mteremkoni. Risasi iingie chembani mkiwa mmelala chini, mmeshamtambua mnyama, na mmehakikisha kuna udongo nyuma yake, kwa maana mtu anayepiga kuelekea kwenye kilele hajui risasi iliyokosa itaangukia wapi. Mdomo wa mtutu ufunikeni kwa utepe mwembamba wa plastiki ili theluji na matope visiingie. Risasi hupita kwenye utepe huo bila kupoteza shabaha, lakini haipiti salama kwenye mtutu uliozibwa na barafu. Baada ya kuteleza au kuanguka, toeni bolti na mtazame ndani ya mtutu kabla ya jambo lingine lolote.